Figo Aliyoikataa Mwosha

Watu wa kwetu Mambrui, wakikutana naye asubuhi kabla hawajatia kitu tumboni, walikuwa wakirudi nyumbani wakakaa kidogo, ndipo watoke tena. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwosha maiti, na mwosha akikutazama unahisi anakupima. Tena alikuwa akipima kweli, alinikubalia mwenyewe. Siku moja tuko sokoni tunachagua mihogo, akaniangalia kutoka utosini mpaka kisiginoni, akasema:

"Wewe sanda yako itabana, yakhe. Umeota kitambi uzeeni."

"Kitambi changu kitakuzika wewe," nikamjibu.

"Kinizike, lakini kisinioshe. Una mkono mzito."

Jina lake nitaliacha. Sisi tulimwita Mwosha, watoto walimwita Mwosha, hata karani wa zahanati aliandika Mwosha kwenye kadi, akafuta, akamwuliza jina la haki. Alizaliwa wapi na nani alimzaa nani, hayo wanayo wenyewe kwao. Mimi nasema niliyoyaona, na niliona mengi, kwa sababu miaka na miaka nilikuwa mmwaga maji wake.

Kazi yangu hasa ilikuwa kuchoma chokaa. Nikimwona mtu anakuja tanurini kwa haraka wala hana salamu, najua Mwosha ananiita. Naoga, nasugua mikono mpaka chokaa yote itoke, maana alikuwa akinikagua hadi kucha. Kuosha maiti ni kazi ya watu wawili. Mmoja anasugua, mmoja anamwaga. Maji yawe vuguvugu, yametiwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, na ya mwisho yana kafuri. Upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Na yeye alipima joto la maji kwa kifundo cha mkono, kama mama anayetaka kumwogesha mtoto mchanga. Nilimwambia mara ya kwanza, "Sasa huyu atajuaje kama ni ya moto?" Akanitazama kwa jicho baya. "Mimi nitajua," akasema.

Alikuwa akizungumza nao. "Samahani, mzee, nakugeuza kidogo." "Bwana harusi, nipe mkono wako huo." Nikimwaga kwa pupa ananiambia, "Polepole, ana haya huyu." Nimeisikia hiyo mara nyingi hata nyumbani nikimwagia miche maji naisikia.

Msije mkadhani nawaeleza walii. Kwake maji ya wafu yalimwagwa bila hesabu, lakini mkewe, Mungu amrehemu, aligombezwa kwa ndoo moja ya kufulia. Hakupokea malipo ya kuosha, hata nauli, lakini sabuni alichukua. Ukiingia chumbani kwake, sabuni zimepangwa mpaka dirishani, ungedhani duka. Msibani sikumwona akitoa chozi hata siku moja, ila mbuzi wake alipogongwa na tuktuk alilia mpaka dereva wa tuktuk akaanza kulia naye. Na huyu mtu aliyeshika maiti za kila namna, waliokufa maji na waliokufa moto, alikuwa akiogopa sindano. Ilipokuja chanjo mtaani alijificha kwangu, nyuma ya magunia ya chokaa, akatoka mweupe kama jini.

Jambo moja hakulifanyia mzaha. Ukimwosha mtu, ulichokiona hukukiona. Sote tumefundishwa hivyo, kwamba mwosha amfunike mwenzake na Mungu atamfunika yeye. Kuna watu mashuhuri wa mji huu ninaowajua kwa makovu yao. Sitawaambia. Lakini liko kovu moja nitalisema, kwa kuwa Mwosha mwenyewe alilitoa hadharani, na mtasikia alilitoa vipi.

Alikuwa kijana mwendesha pikipiki. Homa, mwili ukavimba, siku chache tu akafa. Tukamfunika kitovu hadi magoti kama desturi, tukaosha upande wa kulia, tukamgeuza. Pale ubavuni pa kushoto palikuwa na kovu refu, limeanzia karibu na mgongo likazunguka kuja tumboni, limeshonwa kama gunia. Mkono wa Mwosha ukasimama.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Hukuona," akasema. "Mwaga maji."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipokosea, mimi na yeye. Kijana huyo watu walijua alikwenda bara kufanya kazi, akarudi na pikipiki mpya. Basi. Mkewe alijua kovu ni la ajali kazini, au alisema hivyo. Siku ya maziko ile pikipiki iliegemezwa ukutani, na vijana wenzake waliokuja kuzika walikuwa wakiipapasa tangi. Pikipiki waliiona wote. Kovu la figo tuliliona sisi wawili tu, tukalifungia ndani ya sanda, tukadhani tumemsitiri. Baada ya hapo wakaenda wengine kwenye hiyo kazi ya bara. Wangapi sijui. Kijana wa watu akirudi amebeba begi lake kwa mkono wa kulia tu, Mwosha alikuwa akiinamisha uso.

Nimewahi kumwambia, "Tungesema." Akanijibu, "Tungesema kwa kinywa gani? Kinywa cha mwosha si chake." Lakini nilimwona haikumtoka.

Kisha akaugua yeye.

Ilianza miguu. Viatu vikakataa. Alikuwa na sukari siku nyingi na hakuijali, anakunywa chai ya sukari tatu na kusema ya nne ndiyo mbaya. Walipompima Malindi wakamwambia figo zote mbili zimekufa. Akaanza kupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, Jumanne na Ijumaa. Mtu wa kuogopa sindano, sasa anachomwa mbili nene kila safari. Nilimsindikiza. Unaona damu yako inatoka kwa mpira mmoja, inazunguka mle ndani, inarudi kwa mwingine, kwa saa nne nzima umelala tu. Siku ya kwanza alinishika shati akaninong'oneza, "Wananiosha ningali hai, yakhe. Na maji yao ni ya baridi."

Maji ya kunywa alipimiwa kikombe kidogo kwa siku nzima, na joto la kwetu mnalijua. Mkojo ukakatika kabisa, tone haliji. Kuna mambo mtu anayafanya maisha yote bila kuyashukuru. Alikuwa akinisikia nikikojoa nyuma ya nyumba, nikirudi ananiambia, "Tajiri mkubwa wewe."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, muuza vitenge Malindi. Mwanamke mwenye mdomo na moyo, vyote vikubwa. Alitaka kumpa babake figo yake, wakampima, wakamkuta naye sukari imeshaanza, wakamkataa. Alilia wiki nzima. Alipoacha kulia akamtafuta dalali.

Sheria yetu haitaki mtu auze figo. Inataka umpe ndugu yako bure. Basi dalali anakutengenezea ndugu. Kijana alipatikana kutoka Adu, karatasi zingesema ni mtoto wa kakake Mwosha, na huyo kaka hakuwahi kuwepo. Binti aliniambia mimi kwanza. "Ami, wewe uwepo siku hiyo, akikataa umshike." Nikakubali. Sifichi. Nilitaka rafiki yangu aishi, na huyo kijana simjui.

Akaja Jumatano asubuhi. Mwembamba, miaka ishirini na kitu, amevaa viatu vya kuazima vinavyompwaya, akavivua mlangoni kama aliyefurahi kuviacha. Akakaa ukingoni mwa mkeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Adu kuna mvua?"

"Mawingu tu, baba. Yanakuja, yanatutazama, yanakwenda zao."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo huo. Binti, lete mahamri."

"Dalali alisema nisile, baba, huenda nikapimwa leo."

"Hapa sipimi mtu aliye hai. Kula." Akangoja ale. Kisha akamwuliza, "Wataka kununua nini? Pikipiki?"

"Sitaki pikipiki, baba. Namtaka mke wangu."

Akatueleza. Alioa akatoa mahari nusu, na nusu ilikuwa iwe mbuzi. Ukame ukawaua mbuzi wote. Baba mkwe akaja akamchukua bintiye na wajukuu wawili, kwamba watakaa kwake mpaka mahari itimie. Kwao hilo ni jambo linalojulikana, hakuna aliyemwona mkwe kuwa mwovu. Kijana akaenda mara ya kwanza kujieleza, akaenda ya pili.

"Ulipomwambia huna, alisemaje?" Mwosha akauliza.

"Alinitukana, baba. Kisha akanipa mahindi ya kurudi nayo."

"Vizuri. Na sasa?"

"Sasa kuna mwenzangu wa kijiji cha pili. Naye alikuwa hana kama mimi. Akaenda akakatwa, akarudi, akamaliza mahari yote. Mkwe wangu alikwenda kumtazama akitembea. Nilipokwenda mara ya tatu nikasema sina, akaniambia, 'Huna vipi? Mwenzako alikuwa nazo mbili, na wewe unazo mbili.' Akanihesabia kwa vidole, baba. Moja, mbili. Akasema, 'Wewe si maskini, wewe ni mchoyo. Unawaonea watoto wako uchungu wa kisu.'"

"Mahindi alikupa?"

"Safari hiyo hakunipa."

Nzi wakatua kwenye mahamri. Binti wa Mwosha kasimama mlangoni, ameshika kitasa, anamwangalia babake mdomo kama mtu anayengoja hukumu. Mwosha akasema:

"Mwanangu, siitaki."

"Baba!" binti akapiga kelele.

"Siitaki. Nikiipokea, nitakuwa nimekaa upande wa mkweo."

Nilidhani kijana atashukuru na kwenda zake. Yule kijana alipiga magoti! Akamshika miguu ile iliyovimba. "Baba, ukiikataa wewe nitampelekea nani? Wewe nimekuona. Nimekaa kwako, nimekula chakula chako. Ikiwa ndani yako nitajua iko wapi. Nitakuwa nikija kuitembelea."

Sijapata kusikia maneno kama hayo, na nimeishi. Mwosha akamwinua, akampa mahamri yaliyobaki kwenye karatasi, akamwambia atatuma mtu kwa mkwewe. Kijana akavaa viatu vyake vya kuazima akaenda.

Nje binti akanishika mkono. "Ami, mwambie. Anamwonea haya kijana wa watu. Na mimi? Akifa yeye mimi nabaki na nani, na sabuni?"

Nikarudi ndani nikamwambia kwa ukali. "Ichukue, bwana wee. Kijana ameitaka mwenyewe, hukumkamata."

"Ameitaka yeye au ameitaka mkwewe?"

"Kila mtu anasukumwa na mtu. Wewe unasukumwa na binti yako uishi. Huo nao si msukumo?"

Akageukia ukutani. Ijumaa ile nilimsindikiza kwenye mashine na hakunisemesha kwenda wala kurudi.

Huyo mtu wa kutumwa Adu nilikuwa mimi, maana yeye asingeweza safari. Nilikwenda nimebeba majani ya chai na sukari, nikaenda kumwombea kijana. Nilitarajia kukuta mzee mkali mwenye tumbo. Nikamkuta mtu amekonda kuliko kijana mwenyewe, anachambua maharagwe yaliyobunguliwa, anatupa moja, analiokota tena. Alinipokea kwa heshima zote. Wale wajukuu walikuwa pale, wametulia kwa namna ambayo watoto hawatulii.

"Mzee mwenzangu," akaniambia, "unaniona mkatili. Nina vinywa saba humu ndani. Ilipokuwa haiwezekani, je, nilimwomba? Sikumwomba. Nilimpa mahindi yangu. Sasa inawezekana. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje? Ungewatazama hawa, na unajua inawezekana?"

Nikanywa chai yake, maana nisingeweza kuikataa, nikarudi. Mwosha akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia neno kwa neno. Akasema, "Si mtu mbaya." Nikasema, "Si mtu mbaya."

Haukupita muda wakaja watu wa kukusanya maoni. Turubai likafungwa uwanjani, viti vya kukodi, binti mmoja mwenye karatasi na sauti ya upole. Akaeleza kuwa kuna wanaotaka sheria iruhusu mtu kuuza figo wazi, hospitalini, kwa mkataba, na kuna wasiotaka, nasi tuseme letu.

Watu wakasema. Mwendesha pikipiki mmoja akasimama: "Mwili wangu, njaa yangu. Mnakatazia figo, mbona njaa hamkuikatazia?" Akapigiwa makofi, na mimi nilipiga. Mama mmoja akasema vijana wanakatwa kwa siri, wanarudishwa wangali na nyuzi, hawana wa kumshtaki. Ikiwa halali daktari atawafuatilia. Naye alisema kweli. Kisha nikasimama mimi, darasa la tatu langu hilo, nikasema iruhusiwe, mwenye kutaka auze, mwenye kufa apone. Nilisema nikimtazama Mwosha. Alikuwa amekaa safu ya nyuma, kikombe chake kidogo kwenye mfuko wa shati.

Akainuka kwa mkongojo.

"Mimi mnanijua," akasema. "Nimewaoshea wazee wenu. Nimewahi kumwosha kijana, simtaji, aliyekatwa ubavu. Nililiona kovu lake nikanyamaza, kwa kuwa ndivyo tulivyofunzwa. Yeye nilimsitiri, ninyi niliwaponza. Leo nimelisema, Mungu atanihukumu kwa lipi kati ya hayo mawili, sijui."

Kuna mama alifunika uso kwa buibui lake.

"Maskini ana neno moja linalomlinda," akaendelea. "Sina. Mkwe akija, unasema sina. Mwenye nyumba akija, sina. Atakutukana, lakini ataondoka, maana hata yeye anajua mtu hawezi kutoa asichonacho. Siku sheria ikiandika kwamba figo ina bei, neno hilo limekufa. Hakuna tena mtu wa kusema sina. Utaambiwa unayo, hiyo hapo ubavuni, hutaki tu. Na hutamlaumu anayekuambia, kwa sababu naye ana watoto wanamtazama."

"Mzee!" kijana wa pikipiki akamkatiza. "Wewe unakufa kwa kukosa hiyohiyo figo, na bado wasema hivyo?"

"Ndiyo nakufa. Na nataka kuishi kuliko wewe unavyoutaka wali wa leo mchana."

Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akayumba, nikamdaka. Yule binti wa karatasi akauliza kwa upole, "Kwa hiyo, babu, niandike hapana?"

"Kuna mahali pa kuandika kwamba inaniuma?"

Akatazama karatasi yake. "Hapana, babu."

"Basi andika hapana."

Hayo maoni yalikwenda wapi, hatukusikia tena. Turubai lilifunguliwa saa nane.

Binti yake aliacha kunisalimu kwa muda, kana kwamba mimi ndiye niliyezungumza. Mwosha akazidi kudhoofu. Kuna siku mashine iliharibika wakarudishwa, akavimba mpaka macho yakafumba, tukadhani ndiyo basi, akapona tena nusu. Mimi nikawa nakwenda kwake kila alasiri, binti akiwa sokoni, nampangusa.

Alasiri moja mtu akabisha hodi. Kijana wa Adu. Safari hii viatu ni vyake, vinamkaa. Amebeba kuku mmoja kwa mkono wa kulia, na anatembea kama aliyebeba kitu kingine kwapani asichotaka kianguke.

"Shikamoo, baba."

Mwosha akamtazama muda mrefu. Alimaliza kumtazama ndipo akaitika. "Marahaba. Umekatwa."

"Nimekatwa, baba."

"Mke amerudi?"

"Amerudi. Na watoto."

"Na jembe?"

"Jembe bado. Nikiliinua ubavu unanivuta. Yeye ndiye analima." Akamweka kuku chini. "Mkwe wangu amefurahi. Ila kuna shemeji yangu mdogo, naye kaoa dada wa mke wangu. Sasa yeye ndiye anayeitwa mchoyo."

Mwosha akatikisa kichwa. Halafu akauliza, na sauti ikamtoka ndogo, kama anauliza bei ya kitu asichoweza kukinunua:

"Iko wapi?"

"Sijui, baba. Nililazwa, nikaamka. Sikumwona mtu. Dalali alisema kapewa mtu mzima, anaendelea vizuri."

"Anakojoa?"

Kijana akanitazama mimi, hakujua ajibu nini. Nikamwashiria ajibu tu.

"Nadhani anakojoa, baba."

Mwosha akafumba macho. Nikadhani kasinzia. Machozi yakamtoka kwa pembeni, yakashuka masikioni. Mtu ambaye sikumwona akilia msiba hata mmoja.

"Ningeichukua," akasema. "Kila Jumanne na kila Ijumaa nimelala pale naifikiria. Najua nilifanya sawa. Nimejuta kila siku. Imekatwa, yakhe. Imekatwa vilevile, na ningekuwa nayo."

"Nilikuambia, baba," kijana akasema. Hakusema kwa ubaya.

"Uliniambia."

Adhana ya alasiri ikasikika. Mwosha akasema leo hataki kuswali kitandani, anataka kushuka kwenye mkeka. Nikamwambia amngoje binti yake. Akakataa, akaanza kushusha miguu mwenyewe. Kijana akaruka kumsaidia, akampitishia mikono kwapani, akavuta, akatoa sauti kama mtu aliyechomwa, akashika ubavu akachutama papo hapo sakafuni. Mimi nikashika upande wa pili, na mgongo wangu huu wa kubeba chokaa mnaujua, ukakatika katikati. Mwosha akabaki nusu kitandani nusu hewani, kanishika shingo, mimi nimeshika ukingo wa kitanda, na kijana chini amemkumbatia miguu isiteleze.

"Usiachie," nikamwambia kijana.

"Siachii, baba."

Tukabaki hivyo watatu, hakuna anayeweza kumwinua mwenzake, tukimngoja binti wa Mwosha arudi kutoka sokoni.